Tarehe Haiokoi

Mikutano ya injili ya siku hizi, iwe viwanja vya Jangwani Dar es Salaam au Uhuru Park Nairobi, huishia pale pale. Kinanda kinapigwa taratibu, mhubiri anawaita mbele wanaotaka kumpa Yesu maisha yao, wanafuatisha sala ya toba sentensi kwa sentensi, kisha wanaambiwa kwamba tangu dakika ile wameokoka, majina yao yamekwisha kuandikwa mbinguni, na shetani akija na wasiwasi wake wamkumbushe tarehe ya leo. Wapo wanaoiandika kwenye jalada la ndani la Biblia. Tangu hapo tarehe hiyo ndiyo itakayotajwa kila wanaposimama kushuhudia, ndiyo watakayoulizwa wanapotaka kuimba kwaya, kuchumbia au kuchaguliwa wazee wa kanisa. Na asiyekuwa nayo, hata kama amelelewa kanisani tangu akinyonya, atahesabiwa mtu wa dini tu ambaye wokovu haujamfikia. Mafundisho haya yameenea kiasi kwamba wengi wanayadhani kuwa ndiyo Injili yenyewe. Mimi nasema siyo. Hayana msingi katika Maandiko, si ya zamani kama yanavyodhaniwa, na yanawaumiza watu wa aina mbili kwa mkupuo mmoja: anayepaswa kuogopa yanamtuliza, na anayepaswa kutulia yanamtia hofu.

Ugomvi wangu si na toba. Mtoza ushuru aliyejipiga kifua hekaluni aliomba sala fupi kuliko zote zinazoongozwa viwanjani, akarudi nyumbani kwake amehesabiwa haki. Na mhalifu pale msalabani hakuomba zaidi ya kukumbukwa. Mwanadamu anapogeuka kumwelekea Mungu lazima aseme neno, na si vibaya akisaidiwa kulisema. Ugomvi wangu ni na kazi ambayo sala ile inapewa baadaye. Inageuzwa kuwa risiti, ambayo mtu anaihifadhi na kuitoa kila anapodaiwa. Muulize leo mlokole wa kawaida anajuaje kwamba ameokoka, na mara nyingi hatakwambia habari za Kristo; atakwambia habari zake mwenyewe, siku gani, kwa mhubiri gani, alilia vipi. Hapo ndipo kosa lilipo. Swali lilihusu Mwokozi, jibu limemhusu mwokolewa.

Tuanze na Petro, maana kama kuna mtu ambaye angepaswa kuwa na tarehe, ni yeye. Aliokoka lini? Je, ni siku ile ziwani alipoziacha nyavu na kumfuata Yesu? Lakini ni baada ya hapo ndipo alipokiri kule Kaisaria Filipi kwamba Yesu ndiye Kristo, na Yesu akasema ufunuo huo umetoka kwa Baba. Basi iwe Kaisaria Filipi. Ila dakika chache mbele, katika sura ileile, anakemewa kwa jina la Shetani. Usiku wa kukamatwa kwa Bwana anaambiwa kwamba ameombewa imani yake isikome, na kwamba atakapokuwa ameongoka awaimarishe ndugu zake, kana kwamba kuongoka kwenyewe bado kuko mbele. Na kabla ya jogoo kuwika amekwisha kumkana Bwana wake mara tatu. Wainjilisti wanne wameandika habari za Petro kwa urefu, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kututajia siku. Timotheo naye alikuwa akiyajua Maandiko matakatifu tangu utotoni, na Paulo anapoitafuta asili ya imani yake haendi kwenye mkutano wowote. Anakwenda kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Katika makanisa yetu mengi ya leo Timotheo angeambiwa kwamba imani ya bibi haimwokoi mjukuu, apite mbele.

Wapo pia waliokuwa na tarehe isiyo na shaka. Simoni wa Samaria, yule mchawi, aliamini mahubiri ya Filipo na akabatizwa mbele ya mashahidi. Luka mwenyewe ndiye anayesema aliamini. Muda mfupi baadaye Petro anamwambia kwamba hana fungu wala sehemu katika jambo hili kwa sababu moyo wake si mnyofu mbele za Mungu. Petro hakumuuliza alibatizwa lini. Na wale ambao Yesu anawataja mwishoni mwa mahubiri ya mlimani, wanaokuja siku ya hukumu na orodha ndefu ya unabii, pepo waliotolewa na miujiza, wanakuja na kitu kimoja ambacho wahubiri wetu hawakioni: wanakuja na historia yao. Ushuhuda wao wote ni wa mambo waliyoyafanya wao, ingawa waliyafanya kwa jina lake. Jibu wanalopewa halikanushi kwamba mambo hayo yalitokea. Linasema tu kwamba Bwana hakuwajua kamwe.

Hutajiwa aya tatu kuthibitisha desturi hii, na nazijibu kwa ufupi. Ile ya Ufunuo, ya Yesu kusimama mlangoni akibisha, iliandikiwa kanisa la Laodikia, yaani watu waliokwisha kubatizwa na kujiona matajiri wa kiroho wasiohitaji kitu. Kuifanya mwaliko wa mara ya kwanza kwa asiyeamini ni kuhamisha barua na kuipeleka kwa asiyeandikiwa. Ile ya Warumi 10, ya kukiri kwa kinywa na kuamini kwa moyo, inahusu kumtangaza Yesu kuwa Bwana, ukiri ambao mtu anaishi nao maisha yake yote na pengine anaufia, wala Paulo hasemi ukitamkwa mara moja kazi imekwisha. Ya tatu ndiyo nzito, maana inataja neno lenyewe. Mwishoni mwa waraka wake wa kwanza Yohana anasema ameandika ili waaminio wajue kwamba wana uzima wa milele. Wahubiri wanaipenda aya hii, na wana haki. Ila wanaitenga na sura nne zinazoitangulia. Yohana anasema mtu atajua kwa kuwa ameandika mambo haya, na mambo aliyoandika ni kwamba damu ya Mwana husafisha, kwamba tunaye mtetezi kwa Baba tunapotenda dhambi, kwamba anayemchukia ndugu yake bado yumo gizani, kwamba anayekiri kuwa Yesu amekuja katika mwili ametoka kwa Mungu. Waraka mzima haumwambii msomaji akumbuke siku yake. Unamwambia amtazame Mwana, kisha atazame anavyomtendea ndugu yake.

Sasa historia. Mtu akisikia desturi ya kuita watu mbele anadhani imetoka kwa mitume. Imetoka Marekani, karne ya 19. Wamethodisti wa makambi ya vijijini walikuwa wameanza kuwaita wenye hofu wasogee mbele, lakini aliyeifanya mbinu hiyo kuwa mfumo ni Charles Finney, mwanasheria aliyegeuka mhubiri, hasa katika uamsho wa Rochester wa 1830 na 1831, ambako viti vya mbele vilitengwa kwa ajili ya walioguswa. Kabla yake, George Whitefield alikuwa amehubiria maelfu kwa maelfu huko Uingereza na makoloni ya Marekani bila kumwita mtu mbele. Alihubiri, akawaacha watu na Neno na wachungaji wao. Mbinu ya Finney ilipingwa mapema, tena na watu waliopenda uamsho. Mwaka 1843 John Williamson Nevin, mwalimu wa theolojia huko Mercersburg, Pennsylvania, alitoa kitabu kizima dhidi ya benchi lile la mbele, akisema kwamba linamfanya mtu ashughulike na kupita mbele badala ya kushughulika na toba, na kwamba kanisa linalotegemea benchi litaiacha katekisimo. Anayetazama ilivyo katekisimo leo katika makanisa yaliyolikubali benchi anaweza kuhukumu mwenyewe kama Nevin alikosea.

Hata ndani ya uamsho mkubwa wa karne ya 18, aliyeujua kwa karibu kuliko wengi hakukubali kwamba tukio ni uthibitisho. Jonathan Edwards alishuhudia moto wa Northampton mwaka 1734 na 1735, akauona tena ulipowaka makoloni yote miaka ya 1740, akawaona pia waliolia sana na kisha wakarudi walikotoka. Kitabu alichokitoa 1746 kuhusu hisia za kidini kinataja mambo kumi na mawili ambayo hayathibitishi chochote, si upande huu wala ule. Miongoni mwake yamo nguvu ya hisia, wepesi wa kuzungumza mambo ya Mungu, mpangilio wa hatua za kuongoka, na, la kushangaza zaidi kwa masikio yetu, ule uhakika wenyewe wa mtu kwamba ameokoka. Karne moja kabla yake Richard Baxter, mmoja wa wachungaji wakubwa wa Uingereza, alikuwa ameteswa na jambo hilo hilo: alisoma vitabu vilivyoeleza hatua za kuongoka, akajipima navyo, akakuta hawezi kutaja wakati wake. Alikuja kutambua kwamba Mungu havunji mioyo yote kwa namna moja. Na wale Wamoraviani ambao tangu 1891 wamejenga kanisa kutoka Rungwe, ingewafaa kukumbuka kwamba kiongozi wa baba zao, Zinzendorf, alitiliwa shaka na wachamungu wa Halle kwa sababu hakuwa na simulizi la mapambano makali ya toba lililofuata kanuni zao. Alilijibu hilo kwa kuikataa kanuni, akaelekeza watu kwenye majeraha ya Kristo.

Lakini ushahidi unaonishinda kuuacha uko katika mji mdogo wa Olney, Uingereza, kwa watu wawili waliokuwa marafiki na majirani. John Newton alikuwa na tarehe. Tarehe 10 Machi 1748 meli yake ilikaribia kuzama katika Atlantiki, akamlilia Mungu, na kwa maisha yake yote aliiadhimisha siku hiyo kila mwaka. Ni ushuhuda ambao mhubiri yeyote wa leo angeulipia nauli ya ndege. Ila tazama kilichofuata. Mwaka 1750 alipewa unahodha wa meli ya watumwa, na hadi 1754 aliongoza safari tatu za kuwanunua Waafrika pwani ya magharibi na kuwavusha bahari wakiwa na minyororo, huku akiongoza ibada kwa mabaharia wake. Hakuacha kwa sababu dhamiri ilimchoma. Aliacha kwa ugonjwa. Alipoandika habari za maisha yake mwaka 1764 alikiri mwenyewe kwamba hawezi kujihesabu kuwa alikuwa mwamini kwa maana kamili mpaka muda mrefu baada ya dhoruba ile, na ilifika 1788 ndipo alipotoa kijitabu cha kuilaani hadharani biashara ya watumwa aliyoifanya. Mwenye tarehe mwenyewe alikataa kuitumia kama risiti. Sisi wajukuu wa waliokuwa wakinunuliwa ndio tuliorithi wimbo wake, Amazing Grace, na pamoja nao tumerithi mfumo ambao ungemhakikishia nahodha yule, akiwa bado na pingu ghalani, kwamba mambo yake na Mungu yamekwisha.

Mwenzake alikuwa mshairi William Cowper. Naye alikuwa na siku yake, tena na aya yake. Mwaka 1764, akiwa anatibiwa ugonjwa wa akili huko St Albans baada ya kujaribu kujiua, alifungua Biblia kwenye Warumi 3:25 akasoma jinsi Mungu alivyomweka Kristo kuwa upatanisho, na nuru ikamwingia. Akahamia Olney, akashirikiana na Newton kutunga nyimbo zilizochapishwa 1779. Lakini mwanzoni mwa 1773, majuma machache tu baada ya wimbo ule wa Newton kutumika kwa mara ya kwanza katika ibada ya mwaka mpya, giza likamrudia. Aliota ndoto iliyomshawishi kwamba Mungu amemtupa, na tangu hapo hakuingia tena kanisani kusali hadi kufa kwake mwaka 1800. Hakuacha kuyaamini mafundisho. Aliyaamini yote, ila akaamini kwamba yeye peke yake hayamhusu. Mshauri wa leo angemwambia nini? Angemwambia akumbuke siku yake. Cowper aliikumbuka vizuri kuliko mtu yeyote, na kumbukumbu ile ndiyo iliyomtesa, kwa kuwa aliona kama mlango uliofunguliwa kisha ukafungwa. Newton hakumtendea hivyo. Alimbeba rafiki yake miaka mingi kwa maombi, matembezi na barua, akawa na hakika juu yake wakati mwenyewe hana, na rafiki huyo alipokufa akahubiri kama mtu anayemhubiria ndugu aliyekwenda kwa Bwana. Hakika hiyo Newton aliitoa wapi? Si ndani ya moyo wa Cowper, maana humo hamkuwa na kitu cha kuchota.

Hapa nitajibiwa kwamba nauchimba ukuta wa nyumba yetu, kwamba bila Uamsho wa Afrika Mashariki makanisa yetu yangebaki majengo, na Uamsho ulisimama juu ya ushuhuda wa kuokoka. Naukubali mchango wake wote. Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walipokutana Namirembe, Uganda, mwaka 1929, na moto ukawaka Gahini, Rwanda, kisha ukavuka Uganda, Kenya na Tanganyika, kilichozaliwa kilibadilisha watu kweli. Walirudisha mali walizoiba. Walilipa madeni waliyoyakana. Kule Kenya, miaka ya Mau Mau, ndugu walikataa kiapo na wakakataa pia bunduki za serikali, na baadhi yao waliuawa kwa hilo. Lakini tazama walichokuwa wakikisisitiza wao kwa wao. Neno lao kubwa lilikuwa kutembea nuruni: toba ya leo, ya jambo la leo, mbele ya ndugu, na damu ya Kristo inayosafisha leo. Aliyesimama na kutaja siku ya zamani bila la kusema juu ya wiki hii aliulizwa maswali. Mfumo wa dakika tano na kadi ya kujaza haukutoka kwao, na ndugu wa zamani, ambao walisubiri kuona mtu akirudisha ng'ombe wa watu kabla ya kumshangilia, wangeshangaa kuona unapewa jina lao. Na pale ambapo hata wao waliteleza wakaanza kuitafuta hakika ndani ya tukio, waligawanyika. Nchini Uganda Yona Mondo aliongoza kundi lililosema kuokoka hakutoshi, lazima mtu aamke upya. Waliokuwa na ushuhuda wakaambiwa ushuhuda wao umelala. Hilo halina mwisho. Ukiweka hakika katika tukio, daima atatokea mtu mwenye tukio kubwa kuliko lako.

Hoja nyingine huja na Paulo, na ndiyo yenye nguvu zaidi: si ana Dameski yake? Anayo, na ameisimulia mara zaidi ya moja. Ila angalia anaisimulia wapi. Anaisimulia mbele ya umati unaotaka kumuua, mbele ya mfalme Agripa, na kwa Wagalatia waliotilia shaka utume wake. Kila mara anaeleza kwa nini Myahudi aliyelitesa kanisa amekuwa mtume wa mataifa. Anapofika kwenye swali letu, swali la kama kuna kitu kinachoweza kumtenga na upendo wa Mungu, Dameski haionekani kabisa. Warumi 8 inajengwa juu ya Mungu asiyemhurumia Mwanawe mwenyewe, juu ya Kristo aliyekufa, akafufuka, na sasa anatuombea mkono wa kuume, na juu ya Roho anayeshuhudia pamoja na roho zetu. Na kwa Wafilipi, miaka mingi baada ya nuru ile ya barabarani, anasema hajafika bado, anakaza mwendo. Anasema hivyo bila hofu hata kidogo, kwa sababu kilichompa utulivu hakikuwa mwendo wake.

Upande wa pili wapo wanaofurahia hoja yangu kwa sababu isiyo yangu. Hao husema hakuna ajuaye, Mungu pekee ndiye anayejua, na anayesema ameokoka ana kiburi. Katika Ukatoliki jambo hili lina maelezo ya heshima: mtaguso wa Trento, katika kikao cha 6 cha Januari 1547, ulionya dhidi ya tumaini tupu la mtu kujihakikishia neema, ukakataa kwamba mtu anaweza kuwa na hakika isiyotetereka ya kudumu hadi mwisho pasipo ufunuo wa pekee. Onyo hilo lina haki dhidi ya mtu anayejitazama, na kama mababa wa Trento wangefika kwenye mkutano wetu wa injili wangesema ndicho walichokiogopa. Lakini halimfikii Calvin, aliyeifafanua imani kuwa ujuzi thabiti wa wema wa Mungu kwetu, uliojengwa juu ya ahadi iliyotolewa bure katika Kristo, na aliyesema kwamba mtu akitaka kujua kama amechaguliwa asijichunguze mwenyewe, wala asijaribu kupanda mbinguni kuchungulia, bali amtazame Kristo, ambaye ndiye kioo cha jambo hilo. Kiburi ni kudai kitu kwa sifa zako. Mtu anayesema hana sifa yoyote na kwamba aliyeahidi si mwongo, ana kiburi gani? Kumwambia asiwe na hakika ni kumwambia amtilie shaka aliyeahidi, na sijui unyenyekevu gani unaofanana na huo. Luther alipobanwa na mashaka alijikumbusha kwamba amebatizwa, na wanaomcheka kwa hilo wanasahau kwamba ubatizo, tofauti na sala ya toba, ni jambo ambalo mtu analitendewa, jina la Mungu likitajwa juu yake na kinywa kisicho chake.

Nitaambiwa kwamba nimefungua mlango wa ulegevu: mtu ataegemea ahadi huku akiishi apendavyo. Hoja hii ingekuwa na uzito kama mfumo wa tarehe ungezuia ulegevu. Kila mchungaji anajua kwamba ndio unaouzaa. Tumeona shule mbili zikigombana juu yake, moja ikisema ukiokoka umeokoka milele hata ukiishi kama mpagani, nyingine ikisema kila dhambi inaufuta wokovu na lazima mtu aokoke tena, ndiyo maana kila mkutano unawaona walewale wakipita mbele kwa mara ya sita. Zinagombana, lakini zimekaa kwenye kiti kimoja. Zote mbili zinadhani wokovu ni tukio lililomo mkononi mwa mtu, kisha zinabishana kama linaweza kudondoka. Ungamo la Westminster la 1646, katika sura ya 18, liliweka mambo kwa mpangilio bora: kwanza ukweli wa ahadi za Mungu, kisha matunda ya neema yanayoonekana ndani ya mtu, na ushuhuda wa Roho, likakiri pia kwamba mwamini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupambana na shida nyingi kabla ya kuifikia hakika. Mpangilio huo ni muhimu. Matunda yana kazi, na Yakobo na Yohana hawaturuhusu kuyapuuza, lakini kazi yake ni kuthibitisha na kuonya. Yakitangulizwa yawe msingi, mwenye dhamiri nyepesi atakufa kwa hofu kama Cowper, na mwenye dhamiri nzito ataona anayo ya kutosha. Nayo maonyo makali ya Waebrania, ambayo kila mwenye mashaka hudhani yaliandikwa kwa ajili yake, yanaelekezwa kwa wanaotaka kumwacha Kristo waende mahali pengine. Anayeogopa kumpoteza siye anayemwacha. Waraka huohuo, mara tu baada ya kuonya, unawaambia wasomaji wake kwamba kwao unatumaini mambo mema, na unawapa nanga. Nanga hiyo ni tumaini linaloingia ndani ya pazia, alikoingia Yesu kama mtangulizi wao, na haijatiwa ndani ya moyo wa mtu yeyote.

Basi wahubiri wafanye nini, wasiite watu? Waite. Ila waache kutangaza wasiyoyajua. Billy Graham, aliyehubiri Moshi mwaka 1960 mbele ya umati mkubwa, na ambaye hakuna anayeweza kumshutumu kwa kutopenda kuita watu mbele, alikuwa na shirika lililowaita waliopita mbele kuwa waulizaji, si waongofu. Tofauti ya jina hilo na hesabu zetu za leo ni kubwa. Huduma ya Reinhard Bonnke ilitangaza kadi za maamuzi zaidi ya milioni 3 katika mkutano mmoja wa Lagos mwaka 2000. Hakuna mchungaji duniani ambaye angeweza kujua habari za roho milioni 3 kwa kadi, na kuzitangaza kama mavuno ni kusema kwa niaba ya Mungu bila kutumwa. Andiko la kale la nidhamu ya kanisa linalohusishwa na Hippolytus wa Roma linamweka mtafutaji darasani kwa miaka mitatu kabla ya ubatizo, na linataka achunguzwe kama amewaheshimu wajane na kutembelea wagonjwa. Sipendekezi miaka mitatu. Napendekeza anayepita mbele aambiwe ukweli: kwamba Kristo ameahidi kutomtupa nje yeyote ajaye kwake, kwamba ahadi hiyo ni yake kuanzia sasa na itakuwa yake kesho atakapoamka bila hisia zozote, kwamba aje Jumapili, aandikishwe darasa la ubatizo, na kwamba zile pesa za Saccos alizozila azirudishe.

Na pale msibani, ambako mfumo huu huonyesha ukatili wake wote, iachwe ile desturi ya kumuuliza mjane kando ya jeneza kama marehemu alikuwa ameokoka, na lini. Bibi aliyesali Baba Yetu kwa miaka 70, akafunga Ijumaa Kuu zote, akawafundisha wajukuu jina la Yesu, na asiwahi kuitwa mbele na mtu yeyote, amezikwa mara nyingi kwa mashaka na wahubiri vijana wanaoshika Biblia zenye tarehe kwenye jalada. Mhubiri akitaka la kusema pale, lipo: aeleze ni nani aliyekufa na kufufuka kwa ajili ya wenye dhambi, na aseme wazi kwamba bibi huyo alikuwa akimwita. La kuongeza juu ya hapo yeye hana, na hata kwa aliyeokoka viwanjani kwa vifijo hatakuwa nalo.